Siku Moja ya Kusi: Kuvua Changu Nungwi Mwezi wa Julai

Saa 10:00 alfajiri
Naamka kabla ya adhana na kuteremka pwani ya magharibi ya Nungwi, kwenye ncha ya kaskazini ya Unguja, ili niusikilize upepo. Tumo katikati ya kusi, msimu wa upepo mkali wa kusini, na jana jioni redio ilisoma taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa isiyokuwa na tahadhari. Ikitajwa tahadhari ya upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, ngalawa yangu haitoki, hata kama nyumbani hakuna kitoweo. Sasa hivi unavuma umande tu kutoka nchi kavu, nami najua kwamba jua likipanda, kusi yenyewe itaamka.

Saa 11:15
Baada ya sala tunapakia ngisi wa chambo, mishipi na nanga. Mpwa wangu ananiuliza, "Mjomba, kwa nini tusiende kisiwa cha Mnemba, upande wa mashariki? Kaskazi iliyopita tulipata sana kule." Namweleza kwamba wakati wa kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini, bahari ya mashariki huwa tulivu zaidi, lakini kusi huipiga moja kwa moja, ilhali upande wetu wa magharibi, kuelekea kisiwa cha Tumbatu, tunakingwa na kisiwa kizima cha Unguja. Samaki wako pande zote mbili. Upepo ndio unaoamua ni wepi tutakaowafikia.

Saa 1:00 asubuhi
Tuko juu ya mwamba. Leo ni siku ya nane tangu mwezi kuandama, yaani maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo tu, na hizi ndizo siku ninazozipenda kwa mshipi wa kina kirefu. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, bahari hupanda na kushuka kwa karibu mita 4, mkondo ukaubeba mshipi hata chubwi nzito, ile risasi ya kuuzamisha, isiguse chini. Leo mkondo ni wa wastani, na changu wamejibanza nyuma ya mwamba, vichwa vyao vikielekea maji yanakotoka, wakingoja chakula kiletwe. Kwa hiyo nanga tunaitia mbele ya mwamba, upande wa juu wa mkondo, kisha tunaachia kamba kidogo kidogo mpaka chambo kishuke mbele ya midomo yao. Ukikosea hapo kwa pima chache, utashinda ukilisha maji.

Mawingu yametanda na uso wa bahari umechafuka kidogo. Hali hii inatufaa, kwa kuwa mwanga hafifu huwapa samaki ujasiri wa kutoka mwambani, wala hawauoni mshipi kwa urahisi. Tunapandisha changu kumi na mmoja kwa muda mfupi, na chewa mmoja ambaye nusura aurudishe mshipi pangoni.

Saa 3:00
Mawingu yanapasuka, jua linapenya hadi chini, na samaki wanaanza kudonoa bila kumeza. Nambadilishia mpwa wangu mshipi mwembamba zaidi wenye ndoana ndogo, tukasogea kwenye kina kikubwa ambako mwanga ni mdogo.

Saa 4:15
Maji yamejaa na mkondo umesimama kabisa. Kwa karibu nusu saa hakuna anayegusa chambo, kwa sababu hakuna kinachowaletea harufu yake. Tunakunywa chai.

Saa 5:00
Maji yanaanza kupwa na mishipi inakazana tena, lakini kusi nayo imeamka. Upepo unapokutana uso kwa uso na mkondo, mawimbi huwa mafupi na yenye kusimama, nayo ndiyo yanayovunja mirengu, zile mbao za ubavuni zinazoizuia ngalawa isipinduke. Mpwa wangu anaomba tubaki kidogo, kwani kila akishusha anapandisha. Nang'oa nanga. Kuondoka samaki wakila ni kugumu kuliko kuondoka wakikataa, nami huyapima mawimbi, siyo ndoo.

Saa 8:00 mchana
Tumefika na tanga lililopunguzwa, tumelowa. Mnada ni wa haraka, maana wakati wa kusi samaki wa mwamba ni wachache na wanunuzi hawasubiri.

Saa 12:00 jioni
Naikagua mirengu, nakaza kamba iliyolegea, kisha naupanga wakati wa kesho. Maji yatajaa karibu saa moja baadaye kuliko leo, hivyo mkondo utalala upepo ukiwa tayari juu. Nimemwambia mpwa wangu tutavua alfajiri tu, karibu na Tumbatu, na atayarishe chubwi nyepesi.