Wali, sima na karatasi: pa kuanzia unapotafiti siasa ya chakula Mombasa

Anayetaka kuandika historia ya chakula cha Mombasa kwa kawaida huanzia rafu ya mapishi. Hapo atakuta biriani, mkate wa sinia, samaki wa kupaka, na utangulizi mfupi unaosema kwamba chakula chetu ni mchanganyiko wa Kiafrika, Kiarabu na Kihindi. Hatakuta nani aliuza mchele, kwa bei gani, na nani alikatazwa kuusafirisha. Walioandika sana habari za chakula ni watu waliotaka kukitoza ushuru, kukigawa kama posho au kukizuia njiani, na karatasi zao ziko mbali na rafu ya mapishi.

Kwa hiyo, kabla hujatoka nyumbani, lipunguze swali lako. "Chakula cha Waswahili" hakitafutiki. "Ilikuwaje wali ukawa chakula cha heshima na sima ikawa chakula cha kazi, hapa Mombasa, kati ya 1900 na 1950?" hilo linatafutika, maana lina zao, mahali, miaka na mvutano ndani yake. Nitalitumia hilo kuonyesha njia.

Nambari za rafu

Maktaba za umma za Kenya hupanga vitabu kwa nambari za Dewey. Mapishi ni 641.5, na vyakula vyenyewe 641.3. Desturi za kula na kunywa ziko 394.1, mbali kabisa na mapishi, na wengi hawafiki huko. Siasa yenyewe imetawanyika: 338.1 ni uchumi wa kilimo, 363.8 ni njaa na upungufu wa chakula, 331 ni kazi na ujira, 382 ni biashara ya nje, na 967.62 ni historia ya Kenya. Mahindi kama zao ni 633.15, mpunga 633.18. Katika vyuo vikuu vingi utakuta mpangilio wa herufi: TX kwa mapishi, GT kuanzia 2850 kwa desturi za mlo, HD kuanzia 9000 kwa biashara ya vyakula, DT 433.5 kwa Kenya. Ziandike zote kwenye kipande kimoja cha karatasi, kisha tembea na kipande hicho rafu kwa rafu.

Kitabu kuhusu makuli wa bandari hakitakuwa na neno chakula kwenye jalada. Fungua faharasa ya nyuma na utafute "posho", "rations", "maize", "rice", "prices", "famine". Dakika tano kwa kila kitabu zinatosha. Palipo na neno, nenda kwenye ukurasa, halafu shuka kwenye tanbihi. Tanbihi ndiyo mali: hapo mwandishi ametaja faili, nambari yake na mwaka, na kazi ya miezi ya mtu mwingine inakuwa njia yako ya mkato.

Katalogi za kompyuta zina tabia zake. Hadi 2010 Maktaba ya Bunge la Marekani iliita mapishi "Cookery", kisha ikageuza kuwa "Cooking", na katalogi nyingi zinazoifuata bado zina yote mawili, basi jaribu yote mawili. Ongeza "Food habits" na "Food supply". Kwa mahali, usiridhike na Mombasa pekee. Karatasi za zamani zina Mombassa na Mvita, na mkoa wa pwani ulikuwa ukiitwa Seyidie mwanzoni mwa utawala wa Waingereza. Wamijikenda waliandikwa Wanyika. Asiyejua majina haya hupata kurasa mbili, kisha husema hakuna kilichoandikwa.

Wasafiri na mtego wa neno moja

Kwa karne za mwanzo tuna maneno ya wageni, na kila mmoja apimwe. Mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya 1, Periplus, unasema wafanyabiashara walileta pwani hii mvinyo kidogo na ngano, si za kuuza, bali za kujipatia urafiki wa wenyeji. Chakula tayari ni siasa hapo. Ibn Battuta alifika mwaka 1331. Mogadishu alipewa wali uliopikwa kwa samli na vitoweo vyake, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na pilipili. Mombasa anasema watu wake hawalimi nafaka, huletewa kutoka bara ya karibu, na chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Anataja pia tunda mfano wa zeituni, lenye kokwa na tamu sana. Analiita jammun, na mtu wa hapa anatambua mara moja kwamba ni zambarau.

Wengi hunukuu hayo na kuendelea, lakini yafaa kusita. Mogadishu alikuwa mgeni wa sultani, kwa hiyo sinia ile ni ya ukarimu wa kifalme, haituonyeshi mlo wa kila nyumba. Mombasa alilala usiku mmoja tu. Na kitabu chake kilikamilika 1355, zaidi ya miaka ishirini baadaye, kwa kumsimulia mwandishi mwingine. Ukija kwa Duarte Barbosa, Mreno wa mwanzoni mwa karne ya 16, anaitaja Mombasa kuwa na mtama na mchele kwa wingi. Msiwagombanishe haraka: mmoja anazungumzia kilimo cha kisiwa, mwingine anazungumzia kilichopo mjini. Mji unaokula nafaka usiyoilima ni mji unaotegemea jirani, na hilo ndilo la kufuatilia.

Mtego mkubwa uko kwenye tafsiri. Kwa Kiingereza cha zamani cha Uingereza, "corn" ni nafaka yoyote. Msomaji akilikuta katika tafsiri ya habari za karne ya 14 huandika kwamba Mombasa ilikuwa na mahindi, ilhali mahindi yalikuwa bado Amerika, na Wareno hawajafika. "Indian corn" ndiyo mahindi. "Kaffir corn" ni mtama. Kwa Kireno "milho" lilikuwa mtama na mawele kwanza, mahindi baadaye, kwa hiyo tarehe ya maandishi ndiyo itakayokuamulia. Nazo "tini za Kihindi" za Barbosa ni ndizi.

Maneno yetu pia ni ushahidi, ila yana mipaka. Mahindi yanaelekea India kwa jina, ilhali mmea ni wa Amerika: jina linatuambia watu walidhani kimetoka kwa nani. Kanju, yaani bibo na korosho yake, lina Kireno ndani. Kamusi ya Krapf, mmisionari Mjerumani, iliyochapwa London 1882, ina thamani ya pekee hapa, kwa sababu alianza kukusanya maneno Mombasa na Rabai tangu 1844, basi humo mna Kimvita cha wakati ule. Tafuta "mtele" pamoja na "mchele", la sivyo utapitwa. Linganisha na kamusi ya Sacleux ya 1939, inayotenganisha lahaja kwa uangalifu mkubwa.

Kwa kipindi kisicho na maandishi, soma makala za wanaakiolojia wanaochambua mbegu zilizoungua. Uchimbaji wa Pemba unaonyesha mawele yakitangulia na mchele ukishika nafasi kuanzia karne ya 11 hivi, wakati miji na misikiti ikikua. Hapo pana mzizi wa heshima ya wali, zamani kabla ya mkoloni. Maktaba ya Makumbusho ya Fort Jesus ndiyo mahali pa kuanzia kwa vitabu na makala za aina hii. Ulizia kwanza utaratibu wa wasomaji wa nje kabla hujafunga safari.

Posho

Hapa ndipo karatasi zinakuwa nyingi, na ndipo penye uchungu. Gazeti Rasmi la serikali lilianza 1899. Leo matoleo mengi yanasomeka bure kwenye Google Books, na mengine kwenye tovuti ya Kenya Law. Tafuta kwa mwaka mmoja mmoja, na kwa neno moja: "rice", "maize", "maximum price". Ukitafuta miaka hamsini kwa mpigo, mashine itakupa toleo lenye jina la mtaa na kuliacha lenye bei. Herufi za zamani pia husomwa vibaya na kompyuta, kwa hiyo ukipata mwezi wenye tangazo la bei, fungua na miezi ya jirani uisome kwa macho.

Tume za uchunguzi ni bora zaidi. Mombasa ina ripoti ya tume ya 1939 baada ya migomo ya mwaka huo, na ya kamati ya 1945 kuhusu msukosuko wa wafanyakazi. Mgomo mkuu ulianza tarehe 13 Januari 1947, wafanyakazi zaidi ya 15,000, na kuzaa uchunguzi wake. Tume hizi zililazimika kuuliza mtu anakula nini na kwa shilingi ngapi ili zipime ujira. Ruka utangulizi, nenda kwenye viambatisho: mara nyingi ndiko liliko jedwali la unga, mchele, nyama, sukari na kuni. Lakini soma jedwali hilo kwa tahadhari. Ni makisio ya ofisa kuhusu anachopaswa kula mwanamume mseja, na mke na watoto mara nyingi hawamo.

Halafu kuna 1942 na 1943. Japani iliteka Burma 1942, na mchele wa huko ukakatika. Mwaka huo huo serikali ya Kenya ilianza kudhibiti mahindi, huku mlowezi akilipwa bei bora kuliko mkulima Mwafrika kwa nafaka ile ile. Mwaka 1943 kulikuwa na njaa na tume ya kuchunguza upungufu wa chakula. Iweke ripoti hiyo mezani pamoja na matangazo ya bei ya Mombasa ya miezi hiyo hiyo. Utaona jinsi sima ilivyoingizwa kwenye sahani za watu waliozoea wali, kwa nguvu ya mgao, na kwa nini wazee wengine walizungumza juu ya unga ule kwa kinyongo.

Usiishie bandarini. Wagiriama walikuwa na nafaka ya kuuza, na mwenye nafaka ghalani hana sababu ya kwenda kuomba kibarua shambani kwa mgeni. Serikali ilitaka kodi, vibarua na ardhi ya kaskazini ya mto Sabaki. Mekatilili wa Menza akawahamasisha watu wakatae, na Agosti 1914 Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, ikalipuliwa kwa baruti. Isome habari hiyo ukiwa na jicho kwenye mahindi na tembo la mnazi, utaiona upya.

Mafaili yenyewe yako Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Moi Avenue, Nairobi. Ya mkuu wa mkoa wa pwani yana alama PC/COAST. Soma kwanza mwongozo wa mafaili, uandike alama kamili, kisha uombe. Beba kitambulisho na penseli, kalamu ya wino iache. Uliza kabla ya kupiga picha kwa simu. Faili likiletwa, piga kwanza picha ya jalada lenye nambari, kisha kurasa kwa mfululizo. Wanaopiga kurasa tu hurudi na mamia ya picha wasizoweza kuzitaja chanzo. Mafaili hufunguliwa baada ya miaka 30. Anza na ripoti za mwaka za wilaya, maana zina kichwa cha chakula na mvua karibu kila mwaka. Zisome mfululizo: njaa haiingii kwa siku moja, na ofisa mara nyingi huanza kuiandika pale tu kodi inapokosekana.

Vipimo

Kosa linaloharibu tafiti nyingi ni vipimo. Kibaba kina ratili 1 na nusu hivi, karibu gramu 680. Vibaba viwili ni kisaga, vinne ni pishi, karibu kilo 2.7. Frasila ni ratili 35 au 36, takriban kilo 16. Lakini kibaba na pishi ni vipimo vya ujazo: pishi ya mchele na pishi ya mtama hazina uzito mmoja, na pishi ya mji huu si lazima ilingane na ya mji ule. Andika kipimo cha asili kwanza, kilo ziwe safu ya pili kwenye jedwali lako.

Pesa nazo zina bonde. Rupia ilitumika hadi 1920, ikaja florini kwa muda mfupi, kisha shilingi. Rupia 1 ikahesabiwa shilingi 2. Grafu ya bei inayovuka mwaka huo bila kugeuza itaonyesha mfumuko ambao haukuwapo.

Hesabu ndogo kama hii husaidia: ukikuta posho ya ratili 2 za unga kwa siku, gunia la ratili 200 linalisha mtu mmoja siku 100. Gawanya bei ya gunia kwa 100, uilinganishe na ujira wa siku wa kuli. Hapo unajua posho ilimgharimu mwajiri kiasi gani, na kwa nini mwajiri aliipenda posho kuliko fedha mkononi.

Takwimu za forodha zina hila yao. Shehena za Kilindini zilikwenda hadi Uganda, na forodha za nchi mbili ziliunganishwa 1917, basi mchele ulioingia bandarini usiugawe kwa idadi ya watu wa Mombasa. Kwa karne ya 19 biashara nyingi ya pwani ilipitia Unguja, na hesabu yake itafute huko.

Kinachokosekana kwenye mafaili haya ni jiko. Waliopika hawakuandikiwa ripoti. Desturi za Waswahili za Mtoro bin Mwinyi Bakari, zilizochapwa 1903, zinaeleza mlo wa arusi, matanga na jando, ingawa ni za upande wa Bagamoyo. Baada ya hapo peleka tangazo la bei la 1943 lenyewe, likiwa limechapwa kwa herufi kubwa, kwa bibi aliyekuwa mtoto Mji wa Kale au mwenye duka la familia pale Marikiti. Usiulize "zamani mlikula nini". Muulize mchele wa mgao ulipimwa kwa chombo gani, nani alitumwa kupanga foleni, na ulipokwisha, Ijumaa walipika nini.