Kumbukumbu ya mradi: kutoa redio ya kiwandani kwenye dashibodi

Siku ya 1: betri na fremu

Redio ni ya DIN mbili, yaani uso wa takribani milimita 180 kwa 100. Inashikwa na bolti nne za namba 10, mbili kila upande, zote nyuma ya fremu ya plastiki. (Redio yenye vitundu pembeni mwa uso wake ni habari nyingine: hiyo hutolewa kwa funguo zake za chuma, na bisibisi huishia kuikwaruza tu.)

Gia ni otomatiki, kwa hiyo betri haiguswi kwanza. Breki ya mkono juu, swichi iwashwe, gia ishushwe hadi chini kabisa ili fremu ipate pa kupita. Ukitangulia kufungua betri, gia hung'ang'ania kwenye P, maana kufuli yake huachiliwa na umeme. Baada ya hapo zima swichi, toa waya wa hasi, na usubiri dakika chache mifuko ya hewa iishiwe chaji. Redio nyingine hudai namba ya siri zikikatiwa umeme. Itafute mapema kwenye vitabu vya gari.

Plastiki nyingi huvunjikia kwenye fremu. Kabari iwe ya plastiki, na kingo za dashibodi zibandikwe utepe wa karatasi. Klipu hutoka kwa kuvutwa moja kwa moja kuja kwako; ukiipinda fremu pembeni, miguu yake hukatika. Klipu ikigoma, usiongeze nguvu, sogeza kabari karibu nayo. Gari lililolala kwenye baridi liachwe lipate joto kwanza. Fremu ikiachia usiinyakue: waya wa swichi ya hazadi bado umeshika kwa nyuma, na ni mfupi.

Siku ya 2: bolti na plagi

Ziba nafasi za chini kwa kitambaa kabla ya kufungua bolti yoyote. Ikidondokea ndani, utabomoa nusu ya dashibodi kuitafuta. Soketi yenye sumaku inafaa zaidi.

Redio ivutwe kiasi cha mkono kupita nyuma tu. Plagi ikikwama, isukume kwanza ndani kidogo, bonyeza ulimi wake, ndipo uvute. Ulimi hukataa kwa sababu tayari umeshavutwa na kubanwa. Antena ishikwe kwenye kichwa chake, si kwenye waya.

Siku ya 3: kutambua waya

Plagi ya kiwandani haikatwi. Adapta yake ndiyo inayoungwa kwenye redio mpya. Rangi za waya za kiwandani hazifuati zile za redio za dukani, hivyo betri irudishwe na waya zipimwe kwa mita. Wenye volti 12 hata swichi ikizimwa ni wa kumbukumbu. Unaopata umeme pale tu swichi inapofikishwa ACC (hatua inayowasha redio bila injini) ndio wa kuwashia. Spika hutambuliwa kwa betri kavu ya volti 1.5: gusisha jozi kwa kufumba na kufumbua, spika italia "pwa". Koni ikiruka nje, chanya ya betri imegusa chanya ya spika. Waya wa hasi wa spika usiungwe kwenye bodi ya gari kamwe, amplifaya ya ndani itaungua.

Vyuma vya pembeni vimehamishiwa redio mpya kwa skrubu fupi zilizokuja nayo. Skrubu ndefu ingetoboa hadi kwenye sakiti.