Gari la kuvutia tela: nilivyolipata la kwangu hapa Pemba

Kabla sijawa na tela nilikuwa navuta magari kwa kamba kama mafundi wote. Gereji yangu ipo Chake Chake, na simu nyingi ninazopokea ni za namna moja: "Fundi, gari limenizimikia Kangagani," au "Fundi, gia boksi imekufa, nipo Kengeja, njoo." Unachukua kamba nene ya nailoni, unafunga huku na huku, unamweka mwenye gari kwenye usukani na kumsihi asikanyage breki ovyo. Hapo ndipo pana balaa. Gari likizimwa injini, pedali ya breki inakuwa laini kwa mikanyago miwili mitatu tu, baadaye inakuwa ngumu kama unakanyaga jiwe, na usukani nao unataka mikono ya mchukuzi. Tena Pemba si Unguja. Kule unatoka mjini mpaka Nungwi na vilima vyote ulivyovipita unavihesabu kwa vidole. Huku kwetu barabara inapanda na kushuka tangu Mkoani mpaka Konde, na kila mteremko gari la nyuma linakuja kukubusu bampa. Langu limebusiwa mara nne.

Tela niliipata kwa jamaa aliyeiteremsha na kontena la mitumba kutoka Uingereza. Ina ekseli mbili, breki zake yenyewe, na kibati kwenye mkono wake kimeandikwa kilo 2,600. Hizo ni tela pamoja na mzigo. Tela tupu ina kilo mia saba hivi. Ukipandisha Noah ya zamani, tani moja na nusu na ushei, jumla yako ni tani mbili na robo. Hesabu hiyo naijua leo. Siku ile nilijua jambo moja tu, kwamba nina Escudo ya milango mitano, injini ya petroli ya lita mbili, otomatiki, na haijawahi kunishinda mlima. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, akanifungia chuma nyuma na tufe la milimita 50, nikawa mwenye tela.

Na ilivuta! Ndiyo iliyonidanganya. Nilipandisha Noah ya watu mpaka Mtambile nikiwa nimefungua redio. Ile Noah ilikuwa inapelekwa bandarini Mkoani, ipande meli iende Unguja kwa mnunuzi wake. Sasa anayeijua Mkoani anajua kwamba mji umekaa juu na bandari ipo chini, na barabara inateremka kwenda baharini kama inachelewa. Nilianza kuteremka taratibu. Nikakanyaga breki, gari likapunguza mwendo kidogo, kisha nikahisi mtu kanisukuma mgongoni. Si ghafla, la. Kama mtu anayekusukuma kwenye foleni ya mkate. Nikakanyaga tena, pedali ikashuka zaidi kuliko mara ya kwanza. Mara ya tatu ilifika karibu na zulia, na harufu ya breki zilizoungua ikaingia ndani ya gari. Nikarudisha gia kwenye L, ile ya chini kabisa, injini ikapiga kelele, nyuma ya Escudo ikaanza kutambaa upande mmoja. Kijana wangu wa gereji, aliyekuwa amekaa kushoto, hakusema kitu. Alifungua mkanda tu, akashika mlango. Mimi nikamwona, nikajua keshaamua.

Tulisimama pale barabara inapolala, hatua chache na mzee muuza madafu ambaye alikuwa keshahamisha kigari chake bila kuombwa. Magurudumu ya mbele ya Escudo yanatoa moshi. Nikashuka kushika magurudumu ya tela: ya baridi kabisa. Maana yake breki za tela hazikufanya kazi hata punje. Njia nzima, Escudo isiyofika tani moja na nusu ilikuwa inaisimamisha peke yake mizigo ya tani mbili na robo.

Yule mzee aliniuliza, "Mwanangu, hiki ndicho kinachovuta, au kile cha nyuma ndicho kinachosukuma hiki?"

Nilinunua dafu, nikanywa nimesimama.

Breki za tela nilizifungua wiki ile ile. Aina hii ni rahisi: mkono wa mbele unaingia na kutoka kama pampu ya baiskeli. Gari likipunguza mwendo, tela inajisukuma mbele, mkono unaingia ndani, unavuta chuma, chuma kinavuta waya za breki. Yangu ilikuwa imeshika kutu pale pa kuingia na kutoka, na breki shuu zimekwisha. Grisi, waya mpya, shuu mpya, kazi ya siku mbili. Lakini kitabu cha Escudo nilikuwa nacho, na nilipokisoma nikaona kwamba hata tela yenye breki nzima mzigo unaoruhusiwa haufiki tani mbili. Kwa hiyo breki zilikuwa nusu ya kosa. Nusu nyingine ilikuwa gari lenyewe.

Aliyenifumbua macho zaidi ni ami yangu, na wala yeye hajui kuendesha. Ana mikarafuu, na ana mizani ya kupimia magunia, ile ya kuweka chini. Nilikuwa nimesikia kwamba pua ya tela lazima ilalie gari kwa uzito wa kiasi, ikiwa nyepesi mno tela inayumba njiani. Nikamwomba mizani. Akasema, "Usije ukaniharibia, msimu huo unakuja." Tukapandisha Noah nyingine iliyokuwa gereji, nikaiweka vile vile nilivyozoea, katikati kwa jicho. Tukachomoa kikombe cha tela kwenye tufe, tukakilaza juu ya gogo, gogo juu ya mizani. Kilo 38.

Kilo 38 mbele ya mzigo wa tani mbili na robo! Kumbe ndiyo maana njia ya Ole, nikifika spidi sitini, mkia ulikuwa unacheza. Nikadhani ni upepo. Tukasukuma Noah mbele shubiri moja, si zaidi, tukapima tena: kilo 140. Shubiri moja. Ami akacheka, akasema na sisi wauza karafuu tuna wetu wanaopima kwa jicho.

Basi nikairudisha tela kwenye Escudo na hizo kilo 140. Nyuma ikakaa chini kama ng'ombe aliyechoka, mbele ikainuka, na usiku taa zilikuwa zinamulika vilele vya minazi. Usukani ukawa mwepesi, na kwenye gari wepesi wa namna hiyo haufai. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nakitafuta. Pua ikiwa nyepesi tela inayumba, pua ikiwa nzito Escudo inakaa kitako. Hapakuwa na namna ya kulipakia gari lile vizuri. Nilihitaji gari zito, refu kati ya tairi la mbele na la nyuma, lenye chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba bodi, na lenye springi za majani nyuma, zile za vyuma bapa vilivyopangwa. Injini niliiweka ya mwisho kwenye orodha, na mpaka leo naiweka hapo.

Watu walinipa rai zao. Fundi mwenzangu wa Wete alisema achana na tela, nunua Kenta, pandisha gari juu yake. Kwa barabara ya lami hana kosa. Lakini mimi magari yangu mengi hayafi kwenye lami. Yanafia ndani, shamba, kwenye udongo mwekundu wakati wa masika, ambako Kenta inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu inabaki inazunguka pale pale ikijichimbia kaburi. Isitoshe kupandisha gari bovu kwenye kitanda kilicho juu vile kunataka mbao ndefu na dua.

Jirani alikuwa anauza Prado ya petroli, otomatiki, safi sana. Hii ilinisumbua kwa siku kadhaa, kwa sababu ni gari la kupendeza na mke wangu alikwisha kuchagua pale atakapokaa. Chesisi ipo, uzito upo. Kilichonirudisha ni gia boksi. Otomatiki ikivuta mzigo mzito kwa mwendo wa pole kwenye vilima vinavyofuatana, oili yake inachemka, na oili ikichemka mara nyingi gia boksi hiyo hesabu zake ni za karibu. Unaweza kuifungia rejeta ndogo ya oili, na ukazima ovadraivu, ile gia ya juu kabisa, wapo wanaofanya hivyo na wakafika. Lakini mimi ndiye ninayezifungua gia boksi za watu. Nimeona rangi ya oili zake. Hilux ya zamani ya dizeli nayo niliijaribu, gari jema mno, ila tupu ni jepesi kuliko kile nilichotaka kukivuta, na mimi nilishakula kiapo pale Mkoani.

Ikabaki mkonga, Land Cruiser ya 70. Injini yake ya 1HZ ni lita 4.2, silinda sita, haina tabo (turbo), ipo tangu 1990 na kila fundi wa visiwa hivi anaijua ndani nje. Nguvu yake ya kusokota si ya ajabu, nyutonimita 285, lakini inaitoa mapema, mizunguko 2,200 kwa dakika, kwa hiyo huhitaji kuikimbiza. Gia za mkono. Tani mbili na ushei likiwa tupu. Lile refu la milango ya nyuma lina karibu mita tatu kati ya matairi, na tela yenye breki linaruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500. Mzigo wangu mkubwa kabisa ni 2,600. Hapo mtu unalala.

La kwanza nililoliona lilikuwa Wete, limepakwa rangi mpya, linang'aa. Mwenyewe aliniambia lilikuwa linavuta boti. Aliniambia kama sifa! Nikaingia chini na nyundo ndogo. Chesisi nzima ukiigonga inalia, ting, ting. Nilianza mbele: ting, ting. Nikaja katikati: ting. Nilipofika juu ya ekseli ya nyuma ikasema pu. Nikagonga tena, ikasema pu, na magamba ya kutu yakanimwagikia usoni. Gari lililorudishwa kinyumenyume baharini miaka na miaka, maji ya chumvi yanaingia ndani ya chesisi na hayatoki yote. Linaoza kutoka ndani kuja nje, na rangi inakuja kufunika. Na pale palipooza ndipo tela inapofungwa.

Mwenye gari alikuwa kasimama juu yangu. "Wewe fundi, umekuja kununua gari au kulibomoa?"

Nikamwambia, "Shekhe, hili limekwisha kubomoka, mimi naliamsha tu." Hatukuagana vizuri.

La pili lilikuwa la mradi fulani uliomaliza kazi zake, limechakaa viti, dashibodi imepasuka, rangi imekufa. Chini lilikuwa linalia ting mwanzo mpaka mwisho. Nikauza Escudo, nikaongeza na kiwanja nilichokuwa nakiweka kwa ajili ya siku mbaya. Mke wangu alipanda mara moja, tukaenda mpaka Vitongoji, akarudi kwa daladala. Springi za majani bila mzigo zinapiga mgongo, siwezi kumlaumu. Na linakunywa dizeli, hilo nalo nisifiche.

Chuma cha nyuma safari hii sikukubali kichomelewe kwenye bampa. Tulikifunga kwa bolti kwenye chesisi yenyewe, pande zote mbili, na tufe tukalisogeza karibu na bodi kadiri ilivyowezekana. Tufe likikaa mbali nyuma ya ekseli, tela inapata mkono mrefu wa kulitingisha gari. Mnyororo wa akiba ukapita chini ya kikombe, waya za taa na indiketa zikafungwa upya, maana trafiki haoni chesisi, anaona taa.

Safari ya kwanza nikaenda Mkoani makusudi, na Noah ile ile tuliyoipimia mizani. Nilipofika juu ya mteremko nikasimama, nikaingiza gia ya pili kabla sijaanza kushuka, si baada. Nikaachia. Injini ikavuma, gari likashuka kwa mwendo wa mtu anayekwenda msikitini na wakati anao. Breki niligusa mara mbili, na kila nikigusa nasikia ule mkono wa tela ukigonga "tok" nyuma, breki zake zinashika. Kijana wangu hakufungua mkanda. Chini nikaenda kushika magurudumu yote: ya gari vuguvugu, ya tela vuguvugu.

Siku hizi kila tunapopakia, mizani inatoka kwanza. Si ile ya ami, aliichukua msimu ulipoanza, akaikagua kama mtoto aliyetoka vitani. Nimenunua yangu. Kwenye tela nimepiga alama za rangi nyeupe: hapa Noah, hapa Vitz, hapa Carry, kila moja mahali pa magurudumu yake ya mbele.

Kilichobaki ni winchi. Gari lisilowaka bado tunalipandisha kwa mikono, na vijana wa Konde wameshalijua hilo. Juzi nilipofika na tela tupu walikuwa wamekaa chini ya mwembe wananisubiri, na bei ya kusukuma ilikuwa imepanda.