Mgonjwa haji kwa semista: nilivyoupita mtihani wa mwisho wa uuguzi

Chuoni kwetu mtihani wa kumalizia diploma ya uuguzi na ukunga hauulizi somo moja moja. Unachanganya miaka mitatu yote: karatasi za maandishi kwanza, kisha mtihani wa vitendo wa vituo ambao sisi wanafunzi tunauita oski. Wenzangu wengi walibukua kwa mpangilio wa semista, anatomia, halafu famakolojia (somo la dawa), halafu ukunga. Wakifika kwenye ukunga, anatomia imeshayeyuka. Mimi nilikaa sebuleni kwa shangazi, Jang'ombe, mjini Unguja, nikayafungua madesa yangu yote na kuyapanga upya kwa wagonjwa wa kubuni, kila mmoja na karatasi yake.

Nilianza na mama aliyejifungua na damu haikati. Kwenye karatasi yake niliandika misuli ya mji wa mimba inavyojikaza na kuibana mishipa ya damu. Hiyo ni ya mwaka wa kwanza. Chini yake oksitosini, dawa ya kuikaza misuli hiyo, uniti 10, sindano ya msuli, ndani ya dakika 1 baada ya mtoto kutoka. Kisha sababu nne za kutafuta: mji wa mimba uliolegea, ambao ndio unaoongoza, njia iliyochanika, kondo lililobaki, au damu isiyoganda. Pembeni nikaweka hesabu ya dripu, na chini kabisa jinsi ya kuzungumza na mama mwenyewe na aliyemsindikiza. Mgonjwa mmoja kayameza masomo manne, matano.

Baada ya hapo nikaongeza wengine: mtoto wa malaria kali, mtu mzima wa kipindupindu, mzee wa kisukari mwenye kidonda mguuni, mama wa kifafa cha mimba. Huyu wa mwisho ndiye aliyenifundisha zaidi. Dozi ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege lake, unaweza kuikariri ukiwa nusu usingizini, lakini mtahini anataka ujue unaangalia nini kabla ya kumpa nyingine: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, na mguu uruke ukiligonga goti. Kalisiamu glukoneti iwe karibu, endapo dawa itamzidi. Ukijua kwamba dawa hii hutoka mwilini kwa njia ya figo, huna haja ya kukariri kwa nini mkojo unapimwa.

Oski ina mambo yake. Mtindo huu uliasisiwa na Ronald Harden huko Dundee, Uskoti, akauchapisha mwaka 1975, ili kila mtahiniwa akutane na kazi ileile na apimwe kwa orodha ileile. Unaingia kituoni, una dakika chache, kengele ikilia unahama hata kama glavu iko nusu mkononi. Mtahini kakaa na karatasi yake ya tiki, hacheki wala hanuni. Hawezi kutia tiki kitu ulichokifikiria tu. Kwa hiyo tulijizoesha kusema kila tunachofanya: "Nanawa mikono. Navuta pazia. Nakagua jina la dawa na tarehe ya kumalizika." Mara ya kwanza unaona haya, hasa unapomwomba ruhusa mwanasesere wa plastiki.

Ndipo shangazi akawa mgonjwa wetu. Alijilaza mkekani, kanga hadi kiunoni, akafumba macho. Rafiki yangu mmoja wa Wete akaingia mbio, akapiga magoti na kuanza kumbonyeza tumbo. Shangazi, macho bado kayafumba, akasema: "Marahaba, mwanangu." Shikamoo yenyewe haijatolewa! Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Lakini kusalimia, kujitambulisha na kuomba ridhaa vimo kwenye orodha ya mtahini, na ndizo alama wanazodondosha watu wenye haraka. Tangu siku ile hakuna aliyemgusa shangazi kabla ya shikamoo.

Hesabu za dripu nilizifanya kila siku baada ya alfajiri, bila kikokotoo. Lita 1 kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita: matone 20,000 gawa kwa dakika 480, unapata karibu matone 42 kwa dakika. Huwezi kuhesabu nusu tone, kwa hiyo kadiria na uandike kwamba umekadiria. Ya kulala mapema na kunywa maji mmeshayasikia kwa wengine, siyarudii.

Siku ya karatasi, mzee wa kisukari alikuja kweli, na swali likataka umshauri chakula. Vitabu vyetu vimejaa vyakula ambavyo mzee wa huku havijui. Nikamwandikia boflo lipungue, chai bila sukari, wali wa nazi kidogo, samaki na mchicha kwa wingi, na muhogo usidhaniwe ni mboga. Nadhani msahihishaji aliipenda, maana karatasi ile ndiyo iliyonipa alama nzuri kuliko zote. Kwenye oski kituo kilichonitoa jasho kilikuwa cha kumhuisha mtoto mchanga, na hata hapo nilipita kwa sababu midomo ilishazoea kusema kabla mikono haijatetemeka. Wawili katika kundi letu walipata sapu, yaani mtihani wa marudio, ya famakolojia. Karatasi za wagonjwa ziko kwao sasa, na wameshamwongeza mgonjwa wa pumu niliyemsahau.