Nilivyopanga rafu za viatu kwenye chumba cha nguo

Siku tunakwenda harusini, mume wangu alivuta viatu vyake vyeusi vya ngozi kutoka kabatini akakuta vimeota ukungu mweupe, kama vimenyunyiziwa unga. Akanitazama. Nami nikalitazama kabati. Lilikuwa la milango, limezibwa pande zote, mgongo wake umeegemea ukuta wa bafuni. Kila jioni viatu vinaingia humo na jasho lake, mlango unafungwa, na hewa haina pa kupita. Ajabu ni kwamba ukungu ulichelewa hivyo.

Kwenye chumba chetu cha nguo kuna sehemu iliyoingia ndani ya ukuta mkavu, upana sentimita 184, kimo 240, kina 40. Ilikuwa imejaa masanduku. Usiku ule ule nikachukua karatasi na rula, nikagawa kimo mara nane, nikapata rafu nane zenye nafasi ya sentimita 30 kila moja. Nikaridhika, nikalala usingizi mzuri.

Fundi seremala alipokuja aliishika ile karatasi kidogo, akauliza swali moja tu: "Dada, viatu vyenyewe umevipima?"

Sikuwa nimepima hata kimoja. Nilipima ukuta.

Jumamosi nikatoa viatu vyote vya nyumba nzima nikavipanga sebuleni. Pea 58, na wanaoishi humu ni watu wanne. Tukaanza kwa kuchambua. Vya watoto vilivyobana vikatoka, vya kwangu vinavyouma vikatoka (viwili nilivirudisha kimyakimya, nakiri). Kulikuwa na raba nzuri niliyoitunza miaka kwenye boksi lake kwa kuwa nilisema ni ya safari. Nilipoishika, soli ikamomonyoka mkononi kama mkate mkavu. Soli za poliurethani huliwa taratibu na unyevu wa hewani hata kama kiatu hakivaliwi, na boksi halikuizuia hata kidogo. Mwisho tukabaki na pea 47, ndipo nikachukua futikamba.

Hapo mchoro wangu wa kwanza ukafa wenyewe. Ndala na sendo zangu hazizidi sentimita 8 kwa kimo. Kwenye rafu ya 30 zingelala chini na juu yake kukabaki hewa tupu. Raba ni 12 hivi. Mchuchumio wangu mrefu kuliko yote ni 19. Buti ndefu ni 46, nazo zisingeingia popote. Ningelazimika kuzikunja, na ngozi ya buti ikikunjwa pale kwenye kifundo cha mguu hupasuka. Kumbe rafu nane za kulingana zingekuwa kubwa mno kwa karibu kila kiatu, na bado ndogo kwa vile vilivyohitaji nafasi kweli.

Upana nao ulikuwa na hesabu yake. Pea yangu inakula sentimita 18, ya mume wangu 22. Tulitaka safu tatu za kusimama. Ukitoa mbao nne za kusimamisha, kila moja na unene wa sentimita 1.8, zinabaki 176.8. Ukigawa kwa tatu unapata karibu 59 kila safu: kwangu zinaingia pea tatu na kubaki kaupenyo kasiko na kazi, kwa mume wangu zinaingia mbili na kubaki pengo la sentimita 15 lisilotosha pea ya tatu. Tukaacha usawa. Safu zangu mbili zikawa 55 kila moja, yake ikapewa karibu 67, na sasa kila rafu ina pea tatu zilizokaa vizuri. Raba zangu ni nene kidogo, hizo naziweka kimoja kidole mbele, kingine kisigino mbele. Zikikaa hivyo zinakula upana mdogo kwa sababu sehemu pana ya kimoja inakaa kwenye kiuno cha mwenzake.

Kosa langu kubwa lilikuja baada ya hapo, na lilikuwa la kijinga. Nilipanga safu ya kwanza rafu kumi na mbili, nikajumlisha nafasi zote, zikatimia kimo chote hadi sentimita ya mwisho. Fundi akapiga hesabu kwa penseli kwenye kipande cha ubao, akakuna kichwa. "Na mbao zenyewe zitakaa wapi?" Nilisahau unene wa rafu! Mara kumi na mbili, sentimita 1.8, ni sentimita 21.6. Nafasi nzima ya mchuchumio ilikuwa imeyeyuka kwenye karatasi yangu bila mimi kuiona.

Yeye ndiye aliyenionyesha njia ya kutokosea tena. Mbao za kusimama hutobolewa matundu ya milimita 5, moja kila milimita 32 kutoka chini hadi juu, kisha rafu hukalia vipini vidogo unavyovichomeka unapotaka. Kwa hiyo unahesabu kwa matundu. Hatua nne ni sentimita 12.8, ukitoa ubao unabaki na 11: hiyo ya ndala. Hatua tano zinabakiza 14.2, ya raba, maana lazima uache nafasi ya vidole vya kukitolea kiatu. Hatua saba zinabakiza 20.6, na mchuchumio mrefu unasimama bila kugusa juu. Buti ndefu zikapewa sehemu yake chini ya safu ya mume wangu, nafasi ya sentimita 50, nami nimezisimamisha kwa kuviringisha magazeti ndani.

Kulikuwa na ubishi wa aina mbili. Wa kwanza, nilitaka rafu moja ndefu kutoka ukuta hadi ukuta, bila mbao za katikati, kwa sababu inapendeza macho. Fundi hakubishana. Alichukua ubao mrefu akauweka juu ya vigoda viwili, akaubonyeza katikati kwa kiganja kimoja. Ukapinda kama upinde. Nikanyamaza.

Wa pili nilishinda mimi, nusu. Nilitaka rafu za mteremko ili viatu vionekane, yeye akasema zinakula nafasi. Tulipima: ubao wenye kina cha sentimita 33 ukiinamishwa nyuzi 20 unapanda kama sentimita 11. Lakini rafu zikiinama zote sambamba, zile 11 unazipoteza mara moja tu, kwa juu na chini ya kundi, si kwa kila rafu. Tabu yake hasa ni nyingine: ndala huteleza. Basi tukaweka rafu tatu tu za mteremko, usawa wa macho yangu, kwa viatu vya mchuchumio, kila moja na kijiti cha mbao mbele cha kuzuia vidole. Zilizobaki ni bapa.

Kuhusu hewa sikutaka mjadala. Hakuna mlango. Hakuna ubao wa mgongo. Rafu zina kina cha 33, kwa hiyo nyuma yake kumebaki upenyo hadi ukutani ambako hewa inapanda na kushuka, na fundi alikaza mbao za kusimama ukutani kwa vyuma vya pembe ili zisituangukie. Rafu ya chini kabisa si ubao, ni fito zenye mapengo, ndiko kiatu chenye unyevu kinakolala usiku kucha kabla hakijaruhusiwa kupanda. Mbao ni plaiwudi. Fundi alikuwa na mabaki ya MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, akataka tuyatumie huko chini. Nilikataa, kwa sababu MDF ikinywa maji huvimba na hairudi tena.

Kuna droo moja ya kiwi, brashi na kamba, na utepe wa taa. Hivyo havikunisumbua.

Vumbi linanisumbua. Bila milango, viatu vya harusi vinapanguswa kila baada ya wiki mbili, na aliyepewa kazi hiyo ni yule aliyelalamika ukungu. Rafu za watoto ziko chini wanakofikia wenyewe, ingawa mdogo bado anavirusha kutoka mlangoni. Mwezi uliopita mkubwa alikuja na raba mpya, ndefu shingoni, ikakwama. Nikachomoa vipini vinne, nikavipandisha tundu moja, ikaingia.

Rafu ya juu kabisa kwenye safu ya mume wangu ni tupu mpaka leo. Anasema ni ya kwake. Juzi nimeweka pea moja tu, pembeni.