Baduizm kwenye kaseti, kabla ya meli ya Bukoba

CD ya Baduizm, albamu ya mwimbaji Erykah Badu, ililetwa kwenye duka letu la kurekodi kaseti, Makoroboi jijini Mwanza, na dada mmoja mwanafunzi, mwaka 1997, albamu ikiwa imetoka Februari ya mwaka huohuo. Alitaka kopi mbili, yake na ya kaka yake aliyeko Bukoba, na meli ilikuwa usiku uleule. Alikuwa na kopi aliyorekodiwa kwingine, akaitoa kwenye pochi tuisikilize. Kila besi ilipogonga, sauti ya Erykah Badu ilikwaruza, na wimbo wa nane ulikuwa umekatwa mkia.

Mkia haukutusumbua. Albamu ina nyimbo 14, jumla kama dakika 58, kwa hiyo mtu anaona C60, kaseti ya dakika 60, inatosha. Haitoshi. Upande mmoja ni dakika 30, na nyimbo nane za kwanza zinazidi hapo kwa nusu dakika hivi. Ukiishia wa saba, upande B unadaiwa dakika 32. Zipo C60 zinazokuja na tepu ya ziada kidogo, lakini hiyo ni bahati nasibu. Fundi akachukua C90 mbili: nyimbo nane upande A, sita upande B, nafasi inayobaki mteja ajaze atakacho. C120 hakuigusa kabisa. Tepu yake ni nyembamba mno, redio kaseti zinaila.

Kazi ilikuwa kwenye kukwaruza. Maduka mengi ya kurekodi yalipachika ekwaliza, kifaa cha kupandisha na kushusha besi na treble, kati ya CD na deki, na vitelezi vyake havikuguswa mwaka mzima: besi juu, treble juu, katikati chini. Kwa dansi, ambako magitaa yanajaza kila upenyo, ilipita. Albamu hii imejengwa kinyume. Inafunguliwa na mlio wa fimbo kwenye ukingo wa ngoma ya snea, halafu besi nzito inayotembea taratibu, kinanda kidogo, na mwimbaji anayechelewa makusudi nyuma ya pigo, kama wanavyofanya watu wa jazi. Kwenye Drama besi ni ya Ron Carter, yule aliyepiga na Miles Davis miaka ya 1960. Tepu ina kikomo cha usumaku inaoweza kubeba. Ukiiongezea besi ambayo tayari ni nene, nafasi yote inaliwa, na sauti ya mwimbaji inaparuzwa kila besi inapopigwa.

"Kaka, si uongeze besi kidogo tu?" dada akaomba.

"Dada yangu, besi ya humu haihitaji msaada."

Wateja wengine hata hawakuomba. Walizungusha wenyewe kitufe cha besi kwenye amplifaya wakati tunarekodi, wakaondoka wameridhika. Waya wa kwenda kwenye deki huchukua muziki kabla haujafika kwenye kitufe hicho, hivyo walichobadilisha ni spika za dukani tu.

Ekwaliza ikachomolewa. CD ikaingia kwenye amplifaya, na matundu yake mawili ya kutolea sauti ya kurekodia yakaunganishwa na deki mbili kwa mpigo mmoja. Vichwa vya deki na roli ya mpira vikasuguliwa kwa pamba yenye spiriti mpaka pamba ikatoka nyeupe. Ule unga wa kahawia ukiachwa, matoazi ndiyo yanayopotea kwanza. Dirisha lilifungwa, kwa sababu jioni ile wadudu wa ziwani walikuwa wameshaifuata taa, na mmoja akinaswa kati ya roli na tepu, umerudi mwanzo.

Dolby, mfumo wa deki wa kupunguza mvumo wa tepu, ilizimwa. Redio ya kaka yake haikuwa nayo, na kanda iliyorekodiwa kwa Dolby ikipigwa bila Dolby, kila "s" inachoma sikio. Lakini bila Dolby mvumo wa tepu unasikika, na humu kuna ukimya mwingi wa kuufichua. Kiwango cha kurekodi kikiwa chini, unasikia tepu. Kikiwa juu, mkwaruzo unarudi. Fundi alitafuta kwanza sehemu zenye besi kali zaidi, akapandisha hadi mishale ya mita za deki ikagusa sifuri na kurudi, kisha hakugusa tena.

Umeme ukakatika katikati ya Next Lifetime. Fundi alibonyeza stopu gizani kwanza, mshumaa baadaye, maana roli ikibaki imekandamiza tepu, mpira wake unapata bonde, na kuanzia hapo kila kanda inapepesuka sauti. Uliporudi hatukuunga wimbo katikati. Deki zote mbili zilirudishwa hadi ukimya uliotangulia wimbo, zikawekwa pozi, CD ikapelekwa namba 6, pozi zikaachiwa pamoja, ndipo CD ikaanza.

Upande B ulikwenda salama. Fundi akavunja vile vibati viwili vya plastiki mgongoni mwa kila kaseti, mtu wa Bukoba asije akarekodi mpira juu yake, na dada akakimbilia bandarini.