Nimeenda Köln kwenye Gamescom, kila kitu nimekiona isipokuwa bei

Wadau, Agosti 21, 2025 nilipanda treni ya alfajiri kutoka Hamburg ninakoishi, safari ya Köln, hukuhuku Ujerumani, kwenye Gamescom, yale maonesho makubwa ya gemu za video ya kila mwaka. Tiketi nilikata mtandaoni mapema maana getini hawauzi, na ukisubiri wiki ya mwisho utakuta Jumamosi imeshaisha. Treni ikapita Bremen, Osnabrück, kabla ya Münster ikasimama porini hakuna anayesema kitu, watu wa Ujerumani wameshazoea, kila mtu na kahawa yake. Dortmund ndio vurugu likaanza, wakapanda vijana wamevaa mavazi ya wahusika wa gemu, mmoja ana panga la boksi refu kuliko yeye, mama mmoja mtu mzima kakaa chini ya hilo panga anasoma gazeti lake wala hana habari.

Usiku wa tarehe 19 nilikuwa nimeshaangalia uzinduzi kwenye simu, ule anaoendesha mtangazaji Geoff Keighley, kwahiyo trela nilikuwa nazijua. Mi nilifuata kitu kimoja: bei. Mdogo wangu ana kibanda cha gemu Mbagala, PS4, zile mashine za gemu za Sony, zimechoka, pedi zimefungwa selotepu, mechi jero, na kila mwezi Agosti ananiuliza swali lilelile, "Braza, PS5 imeshuka?"

Nimeshuka stesheni ya Köln Messe/Deutz, humo humo ukitoka uko mlangoni mwa maonesho. Chukua Sabasaba ile ya siku ya kilele uifungie ndani ya mabanda yenye kiyoyozi halafu kila mtu awe amevaa begi mgongoni, ndio hiyo. Baadaye walitangaza kwamba watu 357,000 waliingia kwa siku zote, na mi naamini kabisa maana nusu yao walinikanyaga. Unakaguliwa begi, unaonesha kitambulisho unapewa bangili ya umri, bila bangili ya miaka 18 gemu za damu huzisogelei.

Nikaanza na Xbox, wale wa Microsoft. Wao ndio walijaza banda kwelikweli, na kitu walicholeta ni ROG Xbox Ally, kile kifaa cha kushika mkononi walichotengeneza na kampuni ya kompyuta ya ASUS, kiko cha kawaida na kuna Ally X yenye RAM ya GB 24 na hifadhi ya TB 1. Nilikishika. Mikono yake imekaa vizuri, inajaa kiganjani kama pedi kabisa, ila ni kizito, gramu 715 hiyo X, ukicheza umelala chali kikikuponyoka unatafuta meno. Ndani ni Windows 11, ila wameificha ikiwaka unakuta menyu ya Xbox. Tarehe ya kutoka wakatangaza, Oktoba 16. Nikamuuliza dada wa bandani, sasa bei dada? Akacheka, akasema watatangaza baadaye. Jamani! Zimebaki wiki nane, kifaa kipo mkononi kwangu, kiwandani kimeshatoka, halafu bei bado? Bei mnayo, mnaogopa tu kuzomewa.

Na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema maonesho ya siku hizi yamepoa kwa sababu gemu hamna. Gemu zipo kibao. Kilichopotea ni ule ujasiri wa kusimama mbele za watu ukataja namba. E3 ya kwanza kabisa, yale maonesho ya gemu ya Marekani, Los Angeles, Mei 1995, Sega walisema mashine yao ya Saturn ni dola 399, halafu mtu wa Sony, Steve Race, akapanda jukwaani kutaja bei ya PlayStation ya kwanza, akasema "299", akashuka. Basi. Hotuba nzima ndio hiyo. Mwaka 2013 ikawa vilevile, Xbox One dola 499, Sony wakaja jioni yake na PS4 ya 399, ukumbi ukalipuka. Hata hapa hapa Köln, mwaka 2009, Gamescom ya kwanza mjini hapa, Sony walikuja na PS3 Slim ya euro 299 wakati PS3 iliingia Ulaya 2007 kwa 599. Yaani ulikuwa ukijua ukivumilia kidogo kitashuka. PS2 ilianza dola 299 Marekani, ikafika mpaka 99. Ndio maana uswahilini kila mtu alicheza PS2.

Mwaka huo 2025 Sony banda hawakuwa nalo kabisa. Ila habari yao tuliipata tukiwa foleni, simu zikaanza kuzunguka, PS5 Marekani imepanda dola 50 kuanzia siku hiyohiyo, ya CD ikawa 549.99 na ile kubwa zaidi, Pro, 749.99. Sababu wakasema hali ngumu ya uchumi. Huku Ulaya walishatupandishia ile isiyo na CD toka Aprili, ilitoka 2020 kwa euro 399, mwaka 2025 ikawa 499. Kifaa cha miaka karibu mitano! Zamani chipu zilikuwa zinazidi kuwa ndogo na rahisi kutengeneza kadiri miaka inavyokwenda, siku hizi huo unafuu umeisha, na juu yake mwaka huo Trump akaweka ushuru, sawa naelewa, lakini nimuelezeje dogo wa Mbagala?

Nintendo angalau bei yao ilikuwa inajulikana. Mashine yao ya Switch 2 ilikuwa euro 469.99, kwa hela yetu zaidi ya milioni moja na laki tatu hata hujaisafirisha. Nimecheza gemu lao la Metroid Prime 4 pale, nzuri sana, inateleza, ila tarehe ya kutoka hawakusema. Kinachonikera kwao ni zile kadi za gemu ambazo ndani hamna gemu, unachomeka kadi halafu inakwambia pakua. Huku kwenye faiba sio shida, ila kwa mtu anayenunua bando la wiki hiyo kadi ni kipande cha plastiki. Na Mario Kart World ya boksi ilikuwa euro 89.99. Gemu moja!

Sasa cheki hii. Foleni iliyonishangaza ilikuwa ya Silksong, gemu la vijana watatu wa Team Cherry kutoka Adelaide, Australia, walilitangaza 2019 watu wakasubiri mpaka likawa utani. Lilikuwa linachezeka kwenye banda la Xbox, na mchana huohuo wakatoa tarehe, Septemba 4. Kijana mmoja Mjerumani nyuma yangu akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Bei yake ilipotoka ni euro 19.99, na siku ya kuuzwa maduka ya mtandaoni yalizidiwa. Makampuni makubwa yameshindwa kuona hapo somo liko wapi? Si lazima kila kitu kiwe cha mamilioni.

Jioni nikavuka daraja la Hohenzollern kwa miguu, lile lenye makufuli ya wapendanao, nikakaa ngazi za kanisa kuu na brezel langu, ule mkate wa Kijerumani wa kusokotwa, miguu inawaka moto. Treni ya kurudi ilijaa, nimesimama mpaka Osnabrück.

Bei ya Ally ilikuja kutajwa mwishoni mwa Septemba, kimyakimya, bila jukwaa wala taa. Ulaya euro 599, na ile X 899. Nimemtumia dogo picha, hakuandika kitu, kaweka zile katuni za kulia tu. Baada ya muda akaniuliza kama naweza kumpatia pedi mbili za PS4, hata zilizotumika. Nimezipata kwa jamaa mmoja Altona, euro 25 zote mbili, analogi ya kushoto ya moja, kile kijiti cha kidole gumba, inavuta kidogo lakini dogo kasema hiyo atairekebisha mwenyewe.